Buni Zisizong'atwa

Jirani yangu wa mlango wa pili, hapa New Hope, huku ughaibuni, hukaanga bisi kila Jumamosi. Harufu ya siagi hutangulia kupenya chini ya mlango. Kisha huja milio, mmoja, miwili, halafu mfululizo kama bunduki za mbali. Binti yangu ni muuguzi, aghalabu yuko kazini. Mjukuu wangu huelewa Kiswahili changu chote na hunijibu kwa Kiingereza, macho yake yakiwa kwenye televisheni. Basi hubaki na milio hiyo peke yangu, nanyi mtanivumilia nikiwaeleza hunipeleka wapi.

Hunipeleka mpakani, kaskazini mwa Kenya, katika vita vikuu, Waitaliano walipouteka mji wetu. Nilikuwa na miaka saba. Baba alikuwa fundi cherehani kutoka Mombasa. Mama alikuwa amekwisha fariki. Aliyetupikia ni jirani yetu Mama Dida, Mborana, mwanamke mrefu mwenye ulimi usiosamehe.

Wavamizi walikizingira kisima cha mji kwa walinzi. Nyumbu wao walikunywa kwanza. Sisi tuliachiwa tope. Waborana, Waburji, Wasomali, Waarabu na Wahindi wa madukani, watu ambao hawakuwahi kupatana hata juu ya bei ya mbuzi, safari hii walipatana: alfajiri moja wangekwenda pamoja kukitwaa. Ngoma na mikutano ilikuwa marufuku, kwa hiyo ishara ikawa harufu. Kila nyumba ingekaanga buni kwa samli, kama Waborana wafanyavyo wanapoomba baraka, na harufu ikitanda, kila mtu angejua kwamba mwenzake yu tayari.

Sisi watu wa pwani tulizoea kahawa ya kunywa, si ya kutafuna. Jioni ya kuamkia siku hiyo Mama Dida akaja kumfundisha baba.

"Ng'ata ncha ya kila buni, Fundi. Usipoing'ata, mafuta yakipata moto itapasuka kwa kishindo. Utatuitia Waitaliano wote hapa."

"Mimi hutunga uzi gizani, Mama Dida. Nitashindwa na buni?"

"Uzi haukurukii usoni, bwana."

Alipoondoka, baba na mimi tuliketi tukang'ata, mpaka ndimi zikakauka na bakuli la mti likajaa.

Alfajiri alinivika shati zito, akanituma kwa Mama Dida. Nyumba yetu ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na kisima. Sijakaa vizuri, nikasikia milio. Nikachungulia uani: walinzi walikuwa wamekiacha kisima, wanakimbilia mlango wetu. Baba akatolewa mikono kichwani, kanzu imelowa samli. Nyuma yao mji mzima ulikuwa unateremka kisimani, vilemba na kofia pamoja, Mhindi wa duka la nguo akiwa na mtaimbo begani. Walinzi wawili waliobaki walinyang'anywa bunduki. Mji haukukiachia tena kisima mpaka wavamizi walipoondoka. Baba walimpakia katika lori. Hakurudi.

Hayo niliyaona. Mengine ni maneno ya watu. Mwezi uliopita, harusini Apple Valley, kijana mmoja anayeishi Anoka, ambaye jamaa zake ni wa mji ule, alisimulia mezani habari za fundi aliyewahadaa Waitaliano kwa kahawa. Hakujua mimi ni mwana wa nani.

"Uliyaona?" nikamwuliza.

"Mzee, hata daddy alikuwa hajazaliwa! Lakini kwetu hiyo stori kila mtu anaijua."

"Kila mtu si shahidi. Yule alikuwa mgeni wa buni. Alikosea."

"Aisee, Mzee ungekuwa hakimu, sote tungekuwa ndani!"

Meza nzima ikacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa hukumu ile nilikuwa nimeishikilia maisha yangu yote. Aliyekosea alinyang'anywa mtoto wake. Aliyekusudia alimwacha.

Jumamosi iliyopita bisi zilipoanza kulia, nilikumbuka jambo ambalo sijawahi kuambiwa na mtu. Jioni ya siku ile Mama Dida alinishika mkono, tukaenda kwetu kuchukua blanketi langu. Chini ya cherehani palikuwa na bakuli la mti, limefunikwa kwa kofia ya baba. Lilikuwa limejaa. Kila buni ilikuwa na alama ya meno, yake na yangu. Zilizokwenda motoni alfajiri zilikuwa nyingine, zisizong'atwa.

Mama Dida aliokota buni moja, akaipapasa alama ya meno. Kisha akawasha moto, akazikaanga. Nilichuchumaa karibu, nimetega masikio, nikingoja zipasuke kama za asubuhi, kwani kwa akili yangu ya kitoto mlio ule ndio uliomchukua baba, na huenda ungemrudisha. Hakuna hata moja iliyopasuka. Akanijaza kiganja.

"Kula, mwanangu. Hizi alikuwekea wewe."

Nilidhani anasema hivyo kwa sababu nina njaa. Nikatafuna ushahidi wote, nikaumaliza.