Mmarekani wa Ngokolo

Martina Ngassa alikuwa na kila kitu ambacho Bwana Eustace alikitafuta kwa mwalimu wa Kiingereza, isipokuwa sura. Cheti cha ualimu alikuwa nacho, tena cha hukohuko ng'ambo. Kiingereza alikinyonya pamoja na maziwa, maana alizaliwa Cardiff, mji wa bandari wa Wales, nchi iliyopakana na Uingereza. Baba yake, mtu wa Shinyanga, mkoa usio na bahari hata ya kuchora, alikwenda huko kusomea meli, akapata kazi, akaoa kwa picha, na hakurudi tena nyumbani ila ndani ya jeneza. Martina na mama yake ndio waliolisindikiza jeneza hilo, mwaka 1996, na matanga yalipoanuliwa mama akatangaza kwamba yeye harudi tena kwenye nchi inayonyeshewa mvua mwaka mzima bila kuotesha hata bua moja la muhindi. Wakabaki Ngokolo, kwenye nyumba ya marehemu.

Bwana Eustace kwa upande wake alikuwa mchimbaji aliyebahatika. Aliingia machimbo ya Geita na sururu, akatoka na magari, na badala ya kuongeza wake kama wenzake akafungua shule. Aliiita Nyota ya Dhahabu, shule ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na ukutani akaandikisha kwa rangi nyekundu kwamba walimu ni wa kutoka nje. Rangi ilifika kabla ya walimu.

Siku ya usaili alimpa Martina gazeti la Kiingereza asome. Martina akasoma. Eustace akafumba macho, uso ukamlainika kama mtu anayekandwa mgongo. Alikuwa anasikia redio ya London yenyewe, bila mikwaruzo. Kisha akafumbua, akauona mdomo unaotoa mambo hayo, akahuzunika.

"Binti, Kiingereza unacho, sina ubishi. Lakini nikifumba macho naiona Ulaya, nikifumbua namwona binti wa marehemu Ngassa."

"Ndiye mimi."

"Ndilo tatizo lenyewe. Mzazi hatafumba. Mzazi anakuja na macho yake yote mawili, na mengine anaazima kwa jirani."

"Ukutani umeandika mwalimu wa kutoka nje. Mimi nimetoka nje."

"Umetoka nje, lakini hujafanana na nje." Eustace akakuna kidevu. "Na hiyo Kadifi yenu iko Uingereza?"

"Iko jirani."

"Unaona. Hata hapo pana utata."

Akamwambia nafasi aliyokuwa nayo kwa ajili yake ni ya kufundisha Kiswahili. Sasa, Kiswahili cha Martina kilikuwa cha jikoni kwa mama, chenye "kalibu" na "habali yako" kama cha mchunga ng'ombe wa Songwa. Martina akamweleza hivyo waziwazi, kwamba Kiswahili anakosea.

"Hapa wote tunakosea," Eustace akamtuliza. "Hutashtukiwa."

Martina aliondoka bila kumaliza chai.

Kazi akapewa Zoltan, fundi wa mitambo ya kutoboa miamba, Mhungaria, ambaye kampuni yake ya utafiti wa dhahabu ilikuwa imefunga kambi yake ya Geita kwa muda. Zoltan alikuwa mtu mwema na hakumdanganya mtu. Alimwambia Eustace kwamba Kiingereza chake alikipata kwenye vitabu vya mashine. Eustace hakumsikiliza, kwa kuwa safari hii alikuwa amefumbua macho. Muda si mrefu watoto wa Ngokolo wakaweza kutaja viungo vyote vya injini, na kwa mambo mengine ya dunia wakawa wanasema "ziz iz kau big" kwa kujiamini kabisa. Wazazi walilengwalengwa na machozi ya furaha. Thobias, mnunuzi wa dhahabu aliyevaa saa mkono wa kushoto na saa nyingine mkono wa kulia, alitamba kilabuni kwamba mwanawe sasa anaongea kwa kutokea puani, yaani bado kuletewa pasi ya kusafiria tu.

Martina alikwenda kumwaga hasira dukani kwa jirani yao Hozefa, Mhindi muuza mabati na misumari, ambaye mtaa mzima ulimwita Baba Tanvir.

"Baba Tanvir, mimi ni mtu wa wapi?"

Hozefa akaiweka mizani chini. "Unaniuliza mimi? Babu yangu kazikwa hapa. Baba yangu kazikwa hapa. Mkunga aliyemzalisha mama yangu alikuwa Msukuma, na nikila ugali mwingi naota kwa Kisukuma. Lakini haipiti wiki hajaja mtu kununua misumari akaniuliza, 'Na kwenu hasa ni wapi?' Wewe umeshuka kwenye ndege juzi, hakuna anayekukubalia ugeni. Tungeweza kubadilishana sura, mwanangu, wote wawili tungetajirika."

Martina akacheka, ingawa hakuwa amekwenda kucheka.

Halafu ile kampuni ikafungua kambi upya, na Zoltan akarudi kwenye mitambo yake akiimba njia nzima. Ukuta ukabaki na maandishi mekundu yasiyo na mtu. Eustace akafunga safari mwenyewe hadi uani kwa Mama Martina.

"Shikamoo," Martina akamwamkia.

"Marahaba. Na hiyo iwe shikamoo yako ya mwisho." Akavuta kigoda, akakaa. "Marekani kuna watu weusi," akasema, kwa sauti ya mtu anayeleta habari mpya mjini. "Wapo wengi. Wewe utakuwa mmoja wao. Utaitwa Miss Marteen."

"Huo ni uongo."

"Siyo uongo, ni matangazo."

Wanaomjua ni wa mtaa ule tu, Eustace akasema, na mtaa ule hauna mtoto shuleni kwake. Masharti yakafuata. Kiswahili asikijue. Kisukuma asikisikie. Na akipita mtu mzima asimpigie goti, bali amshike mkono, autikise, na atabasamu meno yote nje.

Mama Martina alikuwa anachambua choroko kwenye ungo, na hakuinua kichwa. "Kule Cardiff nilimpigisha huyu magoti kwenye zulia kila alipoingia mgeni wa kwetu. Mama Mzungu wa jirani alikuwa akichungulia dirishani, anadhani tunasali. Kazi yote ile, ili leo awe Mmarekani?"

"Mama Martina, ni jina tu."

"Basi litumie wewe."

Lakini Martina alikubali. Tusimsingizie ushujaa ambao siku hiyo hakuwa nao: aliitaka kazi ile. Bila darasa, kilichobaki kilikuwa ni kurudi Cardiff peke yake na kumwacha mama kwenye nyumba ya marehemu, na wale watoto wa "kau big" walimwasha masikio kila walipopita barabarani. Akajiambia atafundisha kwanza, mengine atayasema baadaye.

Na alifundisha. Katika Kiingereza cha watoto ng'ombe wakawa wengi pale walipostahili kuwa wengi. Watoto wakaanza kuuliza maswali kwa Kiingereza, hata yale ya utundu. Nje ya darasa ndipo palipomuuma. Sokoni ilimbidi aonyeshe nyanya kwa kidole kama bubu, huku wauzaji wakimjadili mbele ya uso wake kwa Kisukuma. "Huyu Mmarekani," mmoja alisema siku moja, "mguu wake wa kwetu kabisa." Martina akameza jibu, na likamkaa tumboni wiki nzima.

Ikafika siku ya wazazi. Mama Martina alibaki nyumbani, kwa sababu Mmarekani hana mama Ngokolo. Eustace alitandaza maturubai uwanjani, akamsimamisha Miss Marteen mlangoni mwa darasa la kwanza ili kila mzazi apite na kumshika mkono. Wakapita. Halo, madam. Halo. Mikono ilikuwa ya jasho na fahari. Akaja Thobias na saa zake mbili, na nyuma yake mama yake mzazi, Bibi Sikujua, aliyetoka Ushetu juu ya lori la tumbaku ili amsikie mjukuu anavyotokea puani.

Bibi hakutoa mkono. Alisimama mbele ya Martina, akatulia, kwa utulivu wa mtu mzima anayengoja kilicho chake. Kwao mdogo ndiye anayeanza kusalimia. Msururu wote nyuma yake ukasimama.

"Mama, pita," Thobias akamnong'oneza. "Huyu ni Mmarekani."

"Nimemwona. Nangoja anisalimie."

Eustace akaja mbiombio. "Bibi, kwao Marekani hawapigi goti."

Bibi Sikujua akamtazama Martina kuanzia viatu hadi nywele, bila chuki, kwa huruma tu. "Maskini," akasema. "Basi hakuwa na mama."

Martina angeweza kutabasamu meno yote nje. Meno yalikuwa tayari. Badala yake alishusha goti la kulia, akalifuatisha la kushoto, mpaka sketi ikagusa vumbi, akamwamkia kwa Kisukuma, kwa sauti ya kufika turubai la mwisho, "Mwangaluka, mayo."

"Mwangaluka," bibi akaitikia, bila kushangaa hata kidogo, akamuuliza ni mtoto wa nani. Martina akajibu palepale magotini, kwa Kisukuma kisicho na haraka, baba ni nani, babu alitoka wapi, na kwamba mama anaye, tena yuko mtaa wa pili anachambua choroko.

Uwanja ukaanza kunguruma.

"Tumeuziwa Msukuma kwa bei ya Mmarekani," akasema Thobias.

"Basi turudishiwe chenji," akadakia mtu wa nyuma.

Martina akainuka, na vumbi hakulipangusa. "Baba, jana mtoto wako amekusomea ukurasa mzima. Ulisemaje?"

"Nilifurahi. Nilidhani ni Kiingereza cha wenyewe."

"Na leo kimekuwa cha nani?"

"Cha kuazima. Msukuma atakuwaje na Kiingereza cha kwake?"

"Na hicho Kiswahili unachonisemesha, ulizaliwa nacho?"

Watu wakaangua kicheko, maana Thobias mpaka siku hiyo aliiita serikali "selikali" na hakuna aliyewahi kumwambia. Bibi Sikujua ndiye aliyecheka kuliko wote, akijishika kiuno, na hilo lilimuuma Thobias kupita maneno yenyewe.

Eustace akamvuta Martina ofisini, akafunga mlango. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anafikiri, jambo ambalo kwake lilikuwa la hatari zaidi.

"Bado tunaweza kuliokoa," akasema. "Tutawaambia kwamba Wamarekani wanapenda sana mila za watu. Ulijifunza goti wiki mbili, leo ukaonyesha. Watafurahi, watatuletea hadi watoto wa shangazi."

"Na babu niliyemtaja?"

"Ulimkariri."

Martina akaketi bila kukaribishwa. "Mzee Eustace, kule Geita mlikuwa mnalipimaje jiwe? Kwa kulitazama nje?"

"Nani kakwambia? Jiwe unaliponda, unalisaga, unaliosha, ndipo unajua."

"Basi mimi umeshanisaga, umeniosha, umeona kilichomo. Sasa unanung'unikia ganda."

Eustace akageukia dirisha, akautazama ukuta wake wenye maandishi mekundu.

"Nenda ukaandike ukutani," Martina akaendelea, "kwamba Kiingereza kinafundishwa na Martina Ngassa, Msukuma aliyezaliwa Cardiff. Yote mawili. Ukifuta mojawapo, sifundishi."

"Unataka kunifilisi kwa ukweli, wewe binti."

"Umeshajaribu na uongo. Umeuona ulivyopiga magoti."

Alifukuzwa kabla watu hawajamaliza soda zao.

Jumatatu asubuhi alikuwa getini kama kawaida, amejifunga khanga ya mama yake juu ya sketi. Mlinzi akajikuna shingo. "Madam, nimeambiwa Miss Marteen asiingie."

"Wako sahihi. Yule Mmarekani amefukuzwa, na alistahili. Mimi ni Martina Ngassa, nimekuja kuomba kazi."

Mlinzi akaingia ndani, akakaa, akarudi na jibu: nafasi imejazwa na mwalimu kutoka nchi jirani, ambaye naye ni mweusi, mkurugenzi anakiri, lakini angalau hana mama mtaa wa pili. Martina akamshukuru mlinzi. Halafu akasimama kando ya geti, na kila mzazi aliyeleta mtoto asubuhi ile alisalimiwa, mtu mzima kwa goti na Kisukuma, mtoto kwa Kiingereza cha Cardiff, mmoja baada ya mwingine, mpaka kengele ikalia. Wengine waliitikia kwa kicheko, wengine walitazama pembeni kama wanaodaiwa. Eustace alichungulia dirishani, akashusha pazia.

Hozefa akamwachia chumba cha nyuma ya duka. Hakutoa hotuba, alisogeza tu mabati yake upande mmoja na kusema mapipa ya misumari yasiguswe. Mbao zikawekwa juu ya makopo ya rangi, zikawa madawati. Jioni ya kwanza walikuja watoto wachache wa mtaani, na wawili kati yao walikuja kwa ajili ya kivuli. Mama Martina alikaa mlangoni na ungo wake, akiwasahihisha watoto namna ya kusalimia kabla hawajaingia kusahihishwa Kiingereza.

Siku chache baadaye akatokea Thobias, kamshika mwanawe mkono, na ana uso wa mtu aliyeletwa.

"Mama amegoma kurudi Ushetu," akasema. "Anasema haondoki mpaka mtoto awe amefika kwako."

"Mwache aingie."

Mtoto akaingia. Thobias hakuondoka. Alitazama saa ya kushoto, akatazama ya kulia, kama vile moja ingemsaidia.

"Lakini niambie mwalimu, ili nijue nitawajibu nini wenzangu wakiniuliza. Wewe ni mgeni, au ni mwenyeji?"

"Ndiyo," akasema Martina, akachukua chaki.