Wembe Ulionikata Kidole Ukashindwa Ndevu

Leo nimegombea ubalozi wa nyumba kumi nikiwa nimenyoa shavu moja.

Asubuhi nilichukua wembe wa kukunja wa marehemu baba, nikaupima kwa kidole gumba. Damu ikatoka.

"Huu mkali," nikamwambia mke wangu.

"Jaribu kwanza kwenye vinyweleo vya mkono, Baba Anna."

Sikumsikiliza. Kwani mimi mtoto?

Shavu la kulia nililinyoa kwa machozi, wembe ukizing'oa ndevu badala ya kuzikata. La kushoto likanishinda, na mkutano wa uchaguzi wa nyumba zetu kumi, pale kijijini kwetu cha ujamaa, ulishaanza.

Nyie mngefanyaje? Mimi nilikwenda hivyo hivyo.

Mzee mmoja akanitazama, akasimama. "Tumchague huyu. Aliyekuja hivi hadharani hawezi kutuficha kitu."

Wakanyoosha mikono karibu wote. Mke wangu hakunyoosha. Alikuwa amejifunika kanga usoni, anacheka.