Blogu Niliyoisoma kwa Sauti

Miaka ya elfu mbili ilipokuwa bado michanga, Muscat nzima ililala saa tisa alasiri. Sitii chumvi. Ungetoka nje mtaani kwetu Bawshar saa hiyo usingeona mtu, ila magari yaliyofunikwa maturubai na paka waliojibanza chini yake. Mimi nilikuwa nikifanya kazi wizarani. Natoka saa nane u nusu, tunakula wali, mume wangu anajitupa chali mbele ya kiyoyozi, watoto wanalala, nami nabaki macho peke yangu. Kulala mchana sikujaliwa. Mama yangu alikuwa akisema nna jini la udadisi, na jini hilo halisinzii.

Basi nilikaa kwenye kompyuta iliyokuwa pembeni mwa ukumbi. Mapazia yamefungwa, mwanga unaoingia ni wa manjano mzito, kiyoyozi kinanguruma, na simu inalia milio yake ya ajabu mpaka mtandao ukubali. Saa ile sikuwa nimelala, lakini siwezi kuapa kwamba nilikuwa macho. Nilisoma kama mtu anayeota, na mengi niliyoyasoma wakati ule mpaka leo sijui kama yaliandikwa au niliyazua.

Nilikuwa nikisoma blogu za Kiswahili. Tulikuwa watu wa kuhesabika, tumetapakaa Dar es Salaam, Nairobi, Unguja, wengine Ulaya kwenye baridi. Kila mwenye blogu aliweka pembeni orodha ya blogu za wenzake. Ukibonyeza moja unatokea kwenye nyingine, na ile ina orodha yake, hivyo hivyo mpaka unasahau uliingilia mlango gani. Wakubwa wa mtaa ule walijulikana. Wakiandika asubuhi, mchana yamejaa maoni, nusu yake watu wanatukanana kwa siasa. Hao nilikuwa nawapita. Mimi nilikwenda mwisho wa orodha, kwa wale ambao chini ya maandishi yao pameandikwa kwamba maoni ni sifuri.

Sifuri ile ilinikera. Mtu amekaa, amefikiri, ameandika, halafu kimya, kama aliyepiga hodi kwenye nyumba ya watu na hakuna wa kumwambia karibu. Kwetu huo ni utovu wa adabu. Kwa hiyo nikawa naitikia. Kulikuwa na mwalimu wa Kigoma aliyeandika kuhusu viatu vya wanafunzi wake tu, wiki baada ya wiki, na fundi baiskeli mmoja aliyeandika vizuri kuliko wahariri wote wa magazeti. Niliwaandikia, nikawatia kwenye orodha yangu, nikawabembeleza wakubwa wawatembelee. Blogu yangu mwenyewe ilikuwa na makala tatu, zote za kulalamikia joto. Lakini nikiona mtu wangu amepata maoni matano, natembea humu nyumbani kama niliyeozesha binti.

Halafu nikampata yeye. Blogu yake haikuwa na jina la mtu wala picha, na iliandikwa Ijumaa tu. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani, kwa Kiswahili chake Mkenya, na bibi mzee wa nyumba aliyofanyia kazi yeye alimwita nyanya, kama wasemavyo kwao. Nilichokisoma mwanzo kilikuwa hiki:

“Saa tisa hii nyumba yote inalala, isipokuwa mimi na nyanya. Anatoa sanduku chini ya kitanda, anavaa viatu, anakuja kukaa juu ya sanduku kwa korido. Ananiuliza kama treni ya Tabora imefika. Siku ya kwanza nilimwambia hakuna treni. Alilia mpaka na mimi nikalia. Siku ya pili nikamwambia iko Morogoro, inakuja.”

Nikasoma tena. Ijumaa iliyofuata walikuwa wamepanda, wamefika Kilosa. Nyanya, ambaye akili ilikuwa imeanza kumtoroka, alimfundisha vituo vyote, naye akavishika: Dodoma, Manyoni, Itigi. Kila kituo wanakula tende moja. Kila kituo kuna mtu dirishani anauza mayai ya kuchemsha, na nyanya anabishana naye bei. Wakifika Tabora mzee anasinzia pale pale, binti anambeba mpaka kitandani, anarudisha sanduku mahali pake, na nyumba inapoamka hakuna anayejua kwamba kuna watu wamesafiri.

Nilimpenda. Nasema wazi, sikuwahi kumpenda mwandishi vile, na sura yake siijui. Saa tisa ikifika, kiyoyozi kinanguruma, naona kabisa korido yao ndefu na wale wawili wamekaa. Nikaamua wako Mombasa. Nani aliniambia? Hakuna. Hata Ijumaa zake zilitosha kunigutusha, maana mfanyakazi wa Mombasa hupumzika Jumapili. Ijumaa ni ya kwetu huku, siku ambayo Wakenya wa Muscat huenda kanisani, kisha hupita Wadi Kabir kwenye maduka ya mtandao kuandikia kwao. Nililijua hilo kama ninavyoijua njia ya kazini. Lakini nilikuwa ndotoni, na ndoto yangu ilikuwa Mombasa.

Maoni yalikuwa yangu tu. Alinijibu kwa ufupi: “Asante dada, karibu tena.” Mara moja nikamwambia anastahili wasomaji elfu. Akajibu, “Hapana dada. Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu ananijua. Wenye nyumba wakijua, nimeisha.” Nikadhani ni haya za mwandishi. Waandishi wote husema hawataki kusomwa.

Sasa, kila Jumatano alasiri, watu wakishaamka, sisi wanawake wa ukoo na marafiki tulikuwa na kikao cha kahawa, kwa zamu, nyumba hii leo na ile wiki ijayo. Zamu yangu ilipofika, nilichapisha kurasa sita za blogu ile kwa printa ya ofisini, Mungu anisamehe. Kahawa ikapita, halwa ikapita, nikavaa miwani nikawasomea kwa sauti.

Hamjapata kuona kikao kikisikiliza vile. Wengi wetu wazazi walikuja Omani kutoka bara, Tabora, Kigoma, Bujumbura, na reli ile imo kwenye hadithi za kila nyumba. “Wee! Mayai ya dirishani!” mmoja akapiga paja. “Wallahi mama alikuwa akisimulia hivyo hivyo.” Mwingine analia, anacheka, anasema, “Masikini bibi wa watu.” Nami nimevimba kwa fahari utadhani nimeyaandika mimi.

Mmoja tu alikuwa ameinamia kikombe chake. Rafiki yangu tangu shule, anakaa mtaa wa Mawaleh. Nilipomletea dele la kahawa nimmiminie, alikitikisa kikombe, ishara kwamba ametosheka, na hata cha kwanza hakuwa amekimaliza. Kikao kilipovunjika akaninyooshea mkono.

“Nipe karatasi hizo, shoga yangu, nikazisome vizuri.”

“Chukua, chukua! Na anuani ya blogu nimeiandika hapo juu.”

Nilifurahi kwamba nimempatia msomaji wa pili.

Ijumaa ile blogu haikuandikwa. Ijumaa iliyofuata, kimya. Siku ya pili yake rafiki yangu akanipigia simu: njoo, na njoo saa tisa. Hakuna mtu anayeitwa saa tisa Muscat. Nikaendesha gari mpaka Mawaleh, barabara tupu, lami inameremeta kwa joto, na kabla sijafika nilikuwa nimeshajua. Moyo ulijua, akili ikawa inakataa.

Alinifungulia mwenyewe. Korido ilikuwa fupi kuliko nilivyoiota. Mama yake alikuwa amekaa juu ya sanduku la bati, amevaa viatu, mikono mapajani. Sisi wote tulikuwa tumeambiwa miguu inamsumbua, ndiyo maana hatoki. Binti mwingine, mfanyakazi mpya, alisimama kando, hajui afanye nini.

“Miaka miwili nimemsitiri mama yangu,” rafiki yangu alisema kwa sauti ya chini. “Wewe umewasomea watu habari zake, halwa mkononi.”

“Wallahi sikujua. Nilidhani Mombasa.”

“Ulidhani.”

“Na yule binti yuko wapi?”

“Nimemrudisha kwao.”

Nilijiona mwizi, tena mwizi aliyeiba huku anaimba. Mama mtu akageuza uso akatuuliza kama treni imefika, na rafiki yangu, kwa upole kabisa, akamwambia, “Mama, hapa Muscat, hapana treni.” Mzee akaanza kulia, kilio chembamba cha mtoto aliyeachwa.

Nikajaribu. Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia, “Bibi, iko Morogoro, inakuja.”

Alinitazama toka juu mpaka chini. “Na wewe nani? Mwenye stesheni ni yule msichana.”

Rafiki yangu akaketi chini sakafuni, akajifunika uso kwa mtandio. Alilia naye. “Kila siku hivi,” alisema. “Nilikuwa na hasira. Nimemtoa mtu mmoja tu aliyekuwa akijua la kumwambia. Mtafute, wewe si ndiyo kazi yako kutafuta watu? Mwambie arudi, viza nitashughulikia mimi.”

Nilimwandikia pale pale kwenye maoni, mahali pekee nilipokuwa nikimjua. Niliomba radhi, nikaeleza kila kitu, nikaweka anuani yangu ya barua pepe, nikaandika na ombi la rafiki yangu. Wiki nyingi zikapita. Saa tisa zikaja zikaenda, nami nimekodolea macho ukurasa usiobadilika. Halafu siku moja barua ikaja.

“Dada,” aliandika, “maoni yako nilikuwa nayangoja kila Ijumaa kuliko chakula. Hiyo ni ukweli. Lakini ulichukua maneno yangu ukapeleka kwa watu, na hukuniuliza. Ungeniuliza ningekuambia niko Mawaleh. Sirudi. Mwambie mama wa nyumba sina kinyongo, lakini sirudi. Mwambie pia, nyanya akilia, asiseme hakuna treni. Aseme imesimama Itigi, inajaza maji. Nyanya anajua hiyo inachukua muda, atatulia. Mimi bado naandika, lakini mahali pengine. Tafadhali usinitafute, na ukinipata usiseme.”

Kesho yake blogu ilikuwa imefutwa. Ile habari ya Itigi nilimpelekea rafiki yangu, na siku nyingine ikafanya kazi, siku nyingine haikufanya. Hakuacha kuniuliza habari za binti. Nami niliacha kutembelea mwisho wa orodha, nikawa nasoma wakubwa na matusi yao, na nikajifunza kusinzia kidogo mchana.

Nilivumilia karibu mwaka. Kisha mchana mmoja, mume wangu anakoroma, mkono ukanipeleka wenyewe. Orodha hii, orodha ile, mpaka kwenye ukurasa mmoja mpya usio na jina la mtu. Mwandishi alikuwa akieleza habari za watu wanaosubiri zamu kwa mshonaji, katika mji fulani wenye mvua, na jinsi kila mmoja anavyoikunja nguo yake mapajani. Mstari wa tatu nilishamjua. Nilisoma yote, mpaka ya zamani kabisa, nikicheka peke yangu na machozi yananitoka. Anaandika vizuri zaidi kuliko zamani. Niliweka vidole kwenye herufi, nikavitoa, nikavirudisha. Mwisho nikaufunga ukurasa bila kuacha neno.

Jumatano ile kikao kilikuwa Mawaleh. Siku hizo rafiki yangu alikuwa hamfichi tena mama yake, mlango wa korido aliuacha wazi, na wanawake wakipita humsalimia mzee na kumuuliza safari. Wenzetu walipoondoka alinishika mkono. Alikuwa amekonda.

“Hujampata bado?”

Anuani ya ukurasa ule nilikuwa naijua kwa moyo. Nikamtazama rafiki yangu wa tangu utoto, ninayempenda na niliyemtia aibu, nikamwambia, “Sijampata.”

Sijawahi kumfanyia mwandishi yeyote jambo gumu kama lile, na hatalijua. Rafiki yangu akatikisa kichwa, akasema inshallah. Kutoka koridoni mama yake akaita, anauliza kitu, na rafiki yangu akanyanyuka taratibu kwenda kumjibu.