Mzishi Aliyekataa Kurudi Darasani

Pale mjini kwetu Alabama hakuna aliyejua kujigamba kama Lucious Tarver. Nyumba ya mazishi aliirithi kwa baba yake, na mdomo vilevile. Kila mara bodi ya wazishi ilipomkumbusha kwamba leseni haihuishwi mpaka mtu ahudhurie masomo, alicheka hadi tai ikapinda.

"Mnifundishe kuzika? Mimi? Marehemu gani amewahi kurudi kulalamika?"

Odessa Pruitt, mwenye nyumba ya pili ya mazishi, hakukosa masomo hata mara moja. Lucious akambatiza jina "mwanafunzi wa maiti" mbele ya kanisa zima. Watu walicheka, maana bwana yule alijua kuchekesha, hilo tusimnyime.

Mama yake, Bi Vesta, hakucheka. Ugonjwa ulikuwa umemlaza kitandani.

"Lucious, nikifa unioshe wewe, nywele unitengeneze wewe. Sitaki mkono wa mtu baki."

"Nimesikia, Mama."

"Basi nenda kasome, mwanangu. Acha kiburi."

"Mama nawe! Yale masomo ni ya watoto."

Hakwenda. Leseni zikaisha muda, yake na ya nyumba, naye akazifunika kwa kalenda pale ukutani na kuendelea kupiga domo. Mwanamume mzima! Mkaguzi wa bodi akaja, akaifunua kalenda, akakifunga kwa kufuli chumba cha kuandalia maiti. Wiki hiyohiyo Bi Vesta akafariki.

Lucious aliipigia bodi simu. Aliomba, akafoka, akaomba tena. Jibu likawa lilelile, kwamba asome kwanza. Ikabidi amwite Odessa, naye akaja mwenyewe na gari lake jeusi. Angemsimanga, Lucious angepata la kujibu. Hakumsimanga.

"Dada Odessa, niruhusu basi nimtengeneze nywele tu."

"Kaka Tarver, asiye na leseni haingii chumba kile. Nikikuingiza, na yangu inakwenda. Pole sana. Kaa na familia, sisi tutashughulikia kila kitu."

Maneno hayo Lucious alikuwa amewaambia wafiwa miaka yote, akidhani yanafariji.

Kanisani alikaa benchi la mbele, jeneza likiwa wazi. Nywele za Bi Vesta zilikuwa zimechanwa kwenda kushoto, upande asioupenda maisha yake yote. Lucious akainuka, mkono tayari umenyooka. Mhudumu wa Odessa akamshika kiwiko kwa upole, kama anavyoshikwa mfiwa yeyote, akamrudisha kitini.