Utumbo Mpana Ulivyoharakisha Posa Bujora

Niliondoka Buhongwa Jumamosi ile kwa ajili ya posa. Mpwa wangu Masanja anahamishiwa kazi Bukoba mwezi ujao, na binti aliyempenda ana mposaji mwingine. Asipooa sasa, amemkosa. Dada yangu Mbuke, mama yake Masanja, alinifanya mshenga kwa kuwa nasoma vitabu. Akanipa sharti moja: mshenga akishaketi, haondoki mpaka jibu lipatikane. Akiinuka katikati, kimila amekataa alichoambiwa.

Saa tatu asubuhi, njiani, nilimweleza dada, tuliyefuatana naye, kwamba nimejipanga. Maharage niliyokula Mirongo jana jioni yalikaa tumboni saa tatu au nne yakilainishwa na asidi. Kisha utumbo mwembamba ukanyonya chenye faida. Sasa makapi yako kwenye utumbo mpana, ambako hupunguzwa maji siku nzima, hata zaidi. Kwa hiyo niko salama mpaka Jumapili.

"Na yenyewe yamekubali hiyo ratiba?" akauliza dada.

Nikamwambia hiyo ni sayansi.

Saa tano tulifika Bujora. Tulimwamkia Mzee Ng'wandu, baba wa binti, akatukaribisha chakula kwanza: michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, ugali, kuku, maziwa mgando. Niliongezewa mara mbili nisikatae, maana mshenga anayedonoa anadharau nyumba.

Saa sita na nusu mazungumzo yakaanza. Mzee alitaka harusi ingoje mavuno ya pamba mwakani. Dada akanikanyaga mguu nisikubali. Ndipo nilipokumbuka ukurasa niliouruka: tumbo likijaa, utumbo mpana hupata taarifa na kuanza kusukuma mzigo wa zamani. Chakula kipya kinawafukuza waliotangulia.

Mzee aliendelea na pamba. Nilijibana, jasho likanitoka. Maswali mawili niliyajibu kwa kutikisa kichwa. La tatu sikulisikia. Niliinuka bila neno, nikazunguka nyuma ya zizi, kwenye choo.

Nilirudi baada ya robo saa nikiwa na maneno ya kuomba radhi. Mzee Ng'wandu alisimama kunipokea.

"Kaa, baba," akasema. "Sikujua jambo hili litakuudhi kiasi hicho. Basi, iwe mwezi huu."

Nilikaa. Kwa hali niliyokuwa nayo, nilikaa vizuri sana.

Saa kumi tukaanza kurudi. Dada alicheka mpaka Kisesa, kisha akaniapisha nisimwambie mtu. Tangu hapo Buhongwa wananisifu kwa msimamo wangu, na familia mbili zimeniomba niwaposee. Nilichojifunza nakiandika hapa kwa faida ya wengine: mshenga aende choo kabla ya kuketi. Ila kama mwenyeji ni mgumu, asiende.