Mbolea Niliyoisingizia Mbuzi

Harufu ya majivu yaliyolowa hunirudisha Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji, uani kwetu, penye lundo lililofunikwa makuti. Nawaambieni wazi, maana nimechoka kuficha: baba alitapisha vyoo vya watu, na kwa kazi hiyo wengi hawakumpa mkono. Mama aliligeuza tope alilolitoa baba humo kuwa mbolea. Alilianika juani, akalichanganya na majivu na pumba za mpunga, akalipindua kwa koleo mwezi baada ya mwezi. Ndani lilipata moto hata fimbo ya chuma iliyochomekwa humo ukiichomoa huishiki. Likiiva lilikuwa jeusi, jepesi, linanuka udongo tu.

Mimi nilikuwa mtoto wa hofu. Nilinusa kucha zangu kila nilipokaribia darasa. Basi mama aliponituma sokoni na magunia ya kwanza, nikaulizwa mbolea gani, nikajibu, "Ya mbuzi." Yakaisha kabla ya adhuhuri.

Mama alipojua hakunipiga. Alijifunga kanga, akanishika mkono.

"Twende ukawaambie."

"Watatucheka, mama."

"Wacheke. Kwani wao hawaendi chooni?"

Wanunuzi wote walikuwa wa bairro letu, mtaa wetu. Wawili walirudisha magunia. Mmoja akatema mate chini. Mwisho tukafika kwa Mama Zaina, ambaye ulimi wake uliogopwa soko zima. Nikamwambia mbolea ile ilikotoka.

"Kumbe mmeniletea choo nyumbani," alisema.

"Nimekuletea udongo," mama akajibu. "Ukitaka, rudisha. Ila kesho nitakaa palepale sokoni, na nitaitaja kwa jina lake."

Mama Zaina akanigeukia. "Nimeshaimwaga kwenye mabamia. Na wewe, siku nyingine ukitaka kudanganya, fugeni mbuzi kwanza."

Kesho yake mama alikaa palepale, akanadi: mbolea ya chooni, imeiva. Hatukuuza kitu siku hiyo, wala iliyofuata. Mimi nilijifunika mtandio hadi machoni.

Kwa miaka mingi nilidhani alikuwa ananiadhibu kwa uongo. Nimechelewa kuelewa kwamba kila gunia nililoliita la mbuzi lilimnyang'anya baba kazi yake, kana kwamba hakuwahi kuifanya, nami ndiye niliyemnyang'anya, mwanawe, kwa mdomo wangu.

Siku hizi mbolea naitengeneza mimi. Ilikotoka naiandika juu ya gunia kwa herufi kubwa, na herufi ikipinda naiandika upya. Asiyetaka apite.