Kuvua Samaki na Mama Mkwe

Mimi ni mzaliwa wa Masasi, na kabla sijaoa, samaki niliyemfahamu ni yule mkavu aliyepanda lori kutoka Lindi akafika sokoni kwetu akiwa mgumu kama soli ya kiatu. Kuvua sikujua wala sikutaka kujua. Kazi yangu ilikuwa ushonaji. Nilipopata mke katika kijiji cha ukingoni mwa uwanda wa Makonde, chini kidogo ya Newala, nilibeba cherehani yangu kichwani nikahamia kwao, kwa kuwa huku kusini mwanamume ndiye anayemfuata mke. Rafiki zangu wa Masasi walisema nimeolewa. Niliwaacha wacheke, maana mke nilimpenda na wao hawakuwa na la kufanya.

Wakwe wale nao walinipokea vizuri, ila na mama mkwe ilibidi tukwepane. Ndiyo heshima yenyewe. Nikimwona njiani naacha njia, nachuchumaa pembeni macho kwenye majani, namwamkia, "Shikamoo, mama," naye anaitikia, "Marahaba," kanga ameivuta hadi puani, anapita. Hatukula pamoja wala hatukutazamana usoni. Kugusana ndiyo usiseme. Akiwa na neno la kuniambia alimtuma mke wangu, na kama mke wangu hayupo aliwaambia kuku. "Nyie kuku," utamsikia yuko nyuma ya nyumba, "hivi hapa hakuna mtu wa kuziba hili paa?" Basi nami nakwenda kutafuta nyasi.

Sasa mama huyu alikuwa mvuvi. Wanawake wa huko huvua kwa vikapu, kwenye madimbwi yanayobaki maji yakishapungua, lakini yeye alivua kwa mshipi na ndoano kama wanaume, na wanaume walimsema sana. Hakuwajali. Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, na baba yake aliwafundisha kuvua yeye na mdogo wake wa kiume juu ya mawe ya mto. Alipoolewa upande wetu, kinyume cha desturi yeye ndiye aliyemfuata mume, na mdogo wake alibaki kule. Hakuna kati yao aliyejua kusoma, kwa hiyo mambo ya barua hayakuwapo. Walikuwa na ahadi moja tu, nayo haikuhitaji karatasi. Kila mwaka mvua zikikatika, maji yakaanza kushuka na mawe yakatoa vichwa, dada anateremka kutoka uwandani, na mdogo wake anavuka kwa mtumbwi. Wanakutana juu ya jiwe lao wanavua pamoja, kisha kila mtu anarudi kwake hadi mwaka mwingine.

Wakati huo, mawe yanapoanza kutoka, ndio hasa wakati wa kambale. Mafuriko yakirudi nyuma, samaki waliokuwa wamesambaa kwenye nyasi wanarudi mtoni, na wanapita karibu na mawe wakiwa na njaa. Maji bado ni ya udongo, samaki hakuoni. Ukichelewa kidogo wanakuja watu na nyavu na mitego, samaki wanashtuka, starehe imekwisha.

Miaka yote baba mkwe ndiye aliyemsindikiza. Halafu mguu wake ukaharibika, akatibiwa hospitali ya Ndanda, akarudi na fimbo, na ule mteremko wa kwenda bondeni ukamshinda. Jioni moja nikamsikia anamwambia mkewe ukumbini, kwa sauti ya kutosha na mimi kusikia, "Si kuna mkwe?"

Nilimwendea mke wangu nikamwambia baba yake anataka kunitia aibu. Mtu atavuaje siku nzima na mama mkwe asiyeruhusiwa kumtazama? Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Tuliteremka alfajiri. Mimi mbele, mbali, nikifika kwenye kona nakohoa ili ajue nilipo, naye anagonga fimbo yake kwenye mti kunijibu. Chini nikauona mto. Uwandani maji tulikuwa tunayapima kwa kata, wanawake wanakesha visimani, na pale maji yalikuwa yanapita tu, mengi, hayana mwenyewe. Nilisimama nikakasirika kabisa, sijui nilimkasirikia nani.

Jiwe lao lilikuwa kubwa, lenye nundu katikati. Yeye alikaa upande wa mashariki, mimi nikaenda upande wa pili, nundu ikawa ukuta wetu. Nilitia utumbo wa kuku kwenye ndoano, nikafunga nati ya baiskeli iwe chubwi ya kuzamisha mshipi, nikatupa. Ndoano ikanasa kwenye mwamba. Nikavuta, ikakatika. Mara ya pili vilevile. Ndipo nikasikia sauti kutoka upande wa pili wa nundu.

"Mto," alisema mama mkwe, "mwambie mtu aliye huko kwamba huo ni mshipi, si uzi wa kushonea. Asiuvute hivyo."

Nilifikiri kidogo. "Mto," nikasema, "mwambie mama nimesikia."

Basi tukaanza kuzungumza hivyo. Mto, mwambie aachie mshipi uende na maji. Mto, mwambie akae juu zaidi, hapo alipo mamba anafika. Alipokamata samaki hakusema kitu, nilisikia tu kishindo cha mkia juu ya jiwe. Kambale wangu wa kwanza alipovuta, mkono mzima uliniingia ganzi, nikapiga kelele nikasahau adabu zote. Nilipomtoa, mto uliniambia kwamba ni mdogo, ila si mbaya kwa mtu wa Masasi.

Saa za adhuhuri akaja mdogo wake. Alikuwa mfupi, mchangamfu, meno ya mbele yamechongwa kama ya wazee wa kule. Alifunga mtumbwi, akapanda, akaketi juu ya nundu katikati yetu, na kwa sababu yeye hakuzuiwa kuzungumza na yeyote, akawa ndiye anayechukua maneno huku na kuyapeleka huku. Dada yake akisema maneno mawili yeye aliyafikisha kumi. Kwa mke wangu huyu alikuwa mjomba, na kwa watu wetu mjomba ndiye mkubwa wa mambo yote, bila kauli yake nisingeoa. Lakini heshima yake ilikuwa nyepesi. "Fundi," aliniambia, "samaki hashonwi. Mvute kwanza, viraka baadaye."

Siku hiyo alisimulia habari za kwao. Wareno walikuwa wanachukua watu kwa nguvu kwenda kulima mashamba yao, na minong'ono ya vita ilikuwa imeanza. Dada yake akamwomba ahame. Huku tumeshapata uhuru, alimwambia, njoo ukae nasi.

"Uhuru wenu mzuri," akajibu, "ila hauna samaki. Si mmekuja kuvua kwangu?" Tulicheka wote watatu. Nilimsikia mama mkwe akicheka upande wa pili wa jiwe, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

Vita vikaanza kweli. Kutoka uwandani tuliisikia milio ya bunduki ng'ambo, na siku nyingine moshi ulisimama bondeni tangu asubuhi. Wakimbizi wakaanza kupanda mteremko na watoto na mikeka. Mama mkwe aliwapokea na maji ya kunywa, kata moja moja, na alimuuliza kila mmoja habari za mdogo wake. Hawakujua. Walitoka vijiji vingine.

Mawe yalipotoka mwaka ule, balozi wetu wa nyumba kumi alikataza watu kwenda mtoni. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaenda kuchimba minyoo chini ya mikorosho. Nami nikaenda naye, kohoa na fimbo, kohoa na fimbo. Tulivua siku kadhaa. Hakuna mtumbwi uliovuka. Samaki wake aliwakausha kwa moshi, akawatenga wakubwa kwenye kikapu chao, na nyumba nzima ikajua hao hawaguswi, ni wa mjomba. Walikaa darini mpaka wadudu wakawamaliza.

Nitasema ukweli, nilikuwa nimechoka naye. Nilikuwa na mtoto mchanga, nina nguo za watu za kushona, na huyu mama ananipeleka kukaa mbele ya bunduki za Wareno kwa ajili ya kambale. Tena ndio wakati tulipokuwa tunaambiwa tuhamie kwenye kijiji cha ujamaa, kando ya barabara. Watu walishaanza kubomoa nyumba na kubeba miti. Yeye akakataa kubomoa yake. Viongozi walikuja wakamweleza habari za shule, zahanati na bomba la maji, na mwisho akawajibu kupitia kwa mumewe: ndugu yake akija akute amehama, atamtafutia wapi?

Nilimwambia mke wangu kwamba mama yake anatutia hatarini sote. Mke wangu alikuwa ananyonyesha, hakuniangalia. "Ana ndugu mmoja," akasema. "Wewe nenda tu ukamwangalie."

Basi msimu uliofuata nikateremka tena, nimenuna. Maji yalikuwa yameshuka mapema mwaka huo na samaki walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwaona. Mama mkwe alivua kwa furaha. Alikuwa amefunga chumvi na kipande cha kaniki kwenye kitambaa kwa ajili ya mdogo wake, akakiweka juu ya nundu mahali anapokaaga. "Mto," alisema, "mwambie mkwe leo atakuja. Samaki wakiwahi hivi, hawezi kukaa nyumbani, namjua."

Jua lilipopanda, kundi la wakimbizi lilivuka kwenye kina kifupi upande wa juu wa mto, wakapita majanini kuelekea kwetu. Mwanamke mmoja mtu mzima alijitenga na wenzake akaja chini ya upande wangu wa jiwe. Aliniangalia mimi, akachungulia upande wa pili, akarudi akachuchumaa.

"Yule mama," aliuliza polepole, "ndiye dada yake yule mvuvi wa kwetu?"

Nikamwambia ndiye.

Alikuwa jirani wa mjomba kule ng'ambo. Alinieleza kwa kifupi, huku akitazama wenzake wasimwache. Wareno walikuja kuwakusanya watu wawapeleke kwenye kijiji chenye uzio, na mjomba alikimbilia mtoni kufungua mtumbwi. Walimpiga risasi pale pale ukingoni. "Tulimzika wenyewe," alisema. "Mvua zilikuwa hazijaanza."

Nilimwomba amweleze mwenyewe. Akatikisa kichwa. "Mimi siwezi. Wewe ni mtu wake." Akainuka, akajitwisha mzigo, akawafuata wenzake.

Nilikaa na mshipi mkononi. Habari ya namna ile hupelekwa na wazee wa ukoo, nyumbani, watu wakiwa wamekaa chini. Mkwe ni mtu wa mwisho kabisa kuipeleka. Nikaona njia ni moja, nimrudishe nyumbani nikawaachie wenyewe.

"Mto," nikasema, "mwambie mama jua limekuwa kali, na samaki wanatosha. Turudi."

"Mto, mwambie mkwe atangulie yeye. Mimi namsubiri ndugu yangu."

"Mto, mwambie mama watu wanasema Wareno wako karibu."

"Wako karibu tangu mwaka juzi." Nikamsikia anatupa mshipi tena, chubwi inaingia majini. Kisha akaanza kuimba kidogo, kwa Chimakonde, wimbo wa mtu aliyetulia. Alikuwa na raha. Kumbe msimu mzima wa mvua, wakati akinyoosha ndoano na kuchagua chumvi iliyo nyeupe, yule mtu alikuwa chini ya udongo. Sikuweza kuusikiliza ule wimbo. Nafasi yangu ya kukasirika ilikuwa imekwisha, nilimwonea huruma tu.

Niliweka mshipi chini. Nikapanda nundu, nikakiruka kile kifurushi cha chumvi, nikashuka upande wake.

Alishtuka akajifunika kanga uso mzima. "We! Una wazimu? Rudi kwako! Mkwe gani wewe, huna haya?" Mshipi ulimponyoka ukaenda na maji. Mimi niliendelea kushuka. Nilichuchumaa mbele yake, karibu kabisa, wala sikuangalia pembeni. Nilitafuta maneno, ya Kiswahili na hata ya Kiyao cha kwetu, hayakuja. Alinitukana tena, kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza.  Halafu mkono wake ukaishusha kanga kidogo kidogo, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wa mama mkwe wangu. Alifanana sana na mdogo wake.

"Nnungu wangu," alisema. Alikuwa anamwita Mungu.

Hakuuliza lini wala vipi. Alijaribu kusimama, nami nikamshika mikono yote miwili kabla hajateleza majini.

Tulipanda mteremko tukiacha samaki wote juu ya jiwe. Hakuweza kutembea peke yake, na mimi sikukumbuka tena kutangulia wala kukohoa. Tulikutana na watu waliokuwa wanateremka kuchota maji. Walituona, wakatoka njiani mmoja mmoja, wakashusha ndoo zao, na hakuna aliyetusalimu.

Mke wangu alikuwa uani anatwanga. Alituona tungali mbali, tunatokeza kwenye mikorosho, mama yake ameniegemea begani na mimi nimemshika kiunoni asianguke. Mchi ukamtoka mikononi. Hakungoja tufike, wala hakungoja neno. Alianza kumlilia mjomba wake pale pale alipokuwa amesimama.